Kuchora kwa sindano kwenye mfarishi: anza na kipande cha inchi 10, usianze na shuka zima

MamaViraka (mwanzilishi wa mada hii), Morogoro

Habari zenu wapendwa wa jukwaa la ushonaji.

Nimeulizwa mara nyingi ninavyotia yale maua na mawimbi juu ya mifarishi yangu ya viraka, na kila mara najibu kwa mistari miwili halafu napotea. Leo watoto wamelala na umeme upo, naandika yote.

Tuanze kwa kuelewana. Mfarishi ni matabaka matatu: juu viraka vyako, katikati pamba au blanketi, chini kitambaa cha mgongo. Lazima yashikanishwe kwa mshono unaopita yote matatu, la sivyo ukifua mara mbili pamba inajikusanya pembeni na katikati panabaki patupu. Wengi tunapitisha mistari iliyonyooka, basi. Ninachokisema hapa ni kingine. Unashusha meno ya cherehani, yale yanayosukuma kitambaa, halafu mikono yako ndiyo inakiongoza kitambaa mbele, nyuma, kushoto, kulia. Sindano ni kalamu iliyosimama mahali pamoja, kitambaa ni karatasi inayotembea chini yake.

Mimi nilianza vibaya. Mfarishi wangu wa kwanza ulikuwa wa kitanda cha futi 5 kwa 6, wa binti yangu alipokuwa anakwenda bweni. Viraka niliviunga vizuri, nikaweka blanketi katikati, nikashusha meno, nikaanza kuchora. Mzigo wote ule ukawa unaning'inia mezani na kuivuta sindano. Nilivunja sindano 7 jioni moja. Nilipogeuza chini nikakuta vitanzi vya uzi kama nywele. Nikafumua kwa wembe wiki nzima, na binti akaondoka na blanketi la dukani.

Aliyenisaidia ni jirani yangu, fundi wa siku nyingi anayedarizi magauni na kanzu kwa cherehani nyeusi ya miguu. Aliutazama ule mfarishi, hakusema neno. Akakata merikani vipande viwili vya ukubwa wa sahani, akaweka kipande cha blanketi katikati, akanipa. "Jaza hiki kwanza. Ukikijaza nitakupa kingine." Nilijaza 14 kabla mkono haujatulia. Ushauri wangu wote leo umetoka kwenye vile vipande 14.

Sababu ya kuanza kidogo iko kwenye cherehani yenyewe. Pima nafasi kutoka kwenye sindano hadi kwenye mwili wa mashine upande wa kulia. Cherehani nyingi za nyumbani zina inchi 6 hadi 8 tu. Shuka la kitanda lazima ulikunje na kulisukumiza mle ndani, na mkono unaosukuma mzigo hauwezi kuchora. Kipande cha inchi 10 kinageuka chote bila kugusa kitu, kwa hiyo kosa likitokea unajua ni la mkono wako au la mkazo wa uzi.

Sasa kazi. Ukitaka kipande cha inchi 10, kata matabaka yako inchi 12, kwa sababu mshono mwingi unakikunja na kukipunguza. Utapunguza pembe mwishoni kwa rula. Kitenge kipya kifue kwanza kitoe wanga na kisinyae kabla, siyo baadaye. Mgongo weka kanga au merikani. Katikati, kama huna pamba maalumu ya mifarishi, blanketi jepesi la pamba la mtumba linafaa sana. La akriliki liogope: pasi ya moto inaliyeyusha. Na ile pamba nene ya kujazia mito iache kwanza, inavimba na kukwama chini ya kiguu, kile kinachokandamiza kitambaa penye sindano. Shikiza kwa pini za usalama kila upana wa kiganja, au piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda.

Sindano mpya, namba 14 (pakiti inaandika 90/14). Uzi wa pamba, ule ule juu na kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Kiguu tumia kile cha kudarizi, chenye duara la wazi na springi, kinachoruka juu kila sindano inapopanda ili kitambaa kipate kusogea. Kabla hujanunua, shusha kiguu ulichonacho upime kutoka katikati ya skrubu yake hadi kwenye meza ya mashine. Ukipata kama robo tatu ya inchi, mashine yako ina shina fupi, na ndivyo zilivyo nyingi za nyumbani. Ukipata inchi 1 au zaidi, ni shina refu. Niliwahi kuuziwa cha shina refu nikaambiwa "vyote vinaingia". Hakikuingia, na pesa haikurudi.

Shusha meno, weka urefu wa mshono sifuri, kisha shusha kiguu. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa makusudi. Kwa kuwa kile kiguu hakikandamizi sana kitambaa, mtu anasahau kushusha kikono chake. Kikono kikiwa juu, visahani vya mkazo viko wazi, uzi wa juu haushikwi na kitu, na kwa dakika moja una kiota cha ndege chini ya kitambaa.

Zungusha gurudumu kwa mkono mara moja, vuta uzi wa bobini uje juu, shika nyuzi zote mbili, piga mishono 3 au 4 midogo pale pale, kata ncha. Hapo ndipo unaanza kutembea.

Na kutembea ndiko kwenyewe. Mguu wako kwenye pedali unaamua sindano inashuka mara ngapi, mikono inaamua kitambaa kinasogea kiasi gani, na mshono unaouona umetoka kwenye makubaliano ya hao wawili. Mguu mwepesi na mkono wa haraka, mishono inakuwa mirefu kama ya bandi. Mguu wa haraka na mkono uliosita, inakuwa vidoti. Lenga mishono kama 10 kwenye inchi moja. Usiihesabu ukiwa unashona, sikiliza mlio wa mashine. Uweke mlio mmoja, wa kasi ya kati, halafu mikono iufuate kama anayetwanga anavyomfuata mwenzake kwenye kinu kimoja.

Mchoro wa kwanza uwe ule wa mto unaopindapinda bila kujikata, kama vipande vya fumbo la picha. Hauna kipimo, kwa hiyo hauna kosa. Kabla ya kuushona, ujaze kwenye daftari kwa kalamu bila kuinua mkono, kurasa 5 au 6. Utaona unajifungia kwenye kona na hujui pa kutokea. Afadhali ujifungie kwenye daftari.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Sindano_na_Chai, Mwanza

Asante sana mama, nimekuwa nikisubiri mada hii. Cherehani yangu ni nyeusi ya miguu, ya marehemu bibi. Nimegeuza juu chini, sioni pa kushusha meno. Nifanyeje? Na je, naweza kutoa kiguu kabisa kama wale wa kudarizi?

MamaViraka

Pole kwa bibi, na hongera kwa kuitunza mashine yake. Nyeusi nyingine zina kitufe mezani, nyingine skrubu chini ya meza, na nyingine hazina kabisa. Ya kwako ikiwa haina, chukua kadi ngumu yenye uso laini kama ya boksi la dawa ya meno, toboa tundu la sindano, ibandike kwa gundi ya karatasi juu ya meno, na uweke urefu wa mshono sifuri. Meno yataendelea kucheza chini bila kugusa kitambaa. Hata bila kadi, ukiweka sifuri tu, wengi wanashona salama, ila utasikia kitambaa kinasuguliwa kidogo.

Kiguu usitoe. Wenye kudarizi wanaweza kushona bila kiguu kwa sababu kitambaa chao kimebanwa kwenye fremu ya duara, kimekaza kama ngoma. Wewe una matabaka matatu bila fremu. Sindano ikipanda itakipandisha kitambaa chote, mishono itaruka, na vidole havina kinga.

Mashine ya miguu ni neema kwa kazi hii, mikono yote miwili iko huru. Ya kuzungusha kwa mkono ndiyo ngumu, mkono mmoja tu unabaki huru. Jihadhari kitu kimoja tu: gurudumu likirudi nyuma unapoanza kukanyaga, uzi unakatika. Weka mkono kwenye gurudumu ulianzishe mwenyewe kuelekea kwako.

Hina_ya_Pwani, Mombasa

Shukran dada. Mie si fundi wa kushona, kazi yangu ni kupaka hina maarusi, lakini nimesoma hapa nikaona haya mambo nayajua mkononi. Sisi pia mstari hautakiwi kukatika. Ukianza ua, unamaliza petali, unarudi juu ya mstari wako ule ule hadi kwenye kikonyo, unatoka kwa jani, jani linakupeleka kwa ua jingine. Pahali pa kukosea ni kunyanyua. Nikajaribu kwa mashine ya mamangu jana usiku, kwa kipande cha leso kuukuu. Maua yametoka! Mishono si sawa, lakini maua ni maua.

Naomba kuuliza: kurudi juu ya mstari wa zamani kwa uzi, mstari hauwi mnene?

MamaViraka

Dada, wewe umefika kabla yetu. Hilo la kurudi juu ya mstari ndilo linalowashinda wengi, na wewe tayari unalo.

Ndiyo, mstari unakuwa mnene. Kwa hiyo uzi uwe mwembamba na rangi ikaribiane na kitambaa, usioneshe. Njia ya pili ni kutorudi juu yake kabisa: unapita pembeni, upana wa mshono mmoja, kama kivuli. Kwenye majani inapendeza sana. Wengine nawaomba, tafuteni mtu wa hina mtaani kwenu mkamtazame akifanya kazi nusu saa.

Mkaka_wa_Gikomba, Nairobi

Mimi ni mwanaume na nashona mifarishi ya watoto, nauza. Nyongeza mbili. Mashuka ya mtumba ya pamba tupu yaliyofuliwa miaka mingi ndiyo mgongo bora, sindano inapita kama kwa siagi. Lakini angalia isiwe yale yenye polista nyingi, yanateleza chini na kufanya mikunjo usiyoiona mpaka ugeuze.

Pili, vaa glavu zile nyembamba zenye mpira kwenye vidole, za kazi ya bustani. Bila glavu unakandamiza kwa nguvu ndiyo kitambaa kisiteleze, na jioni mabega yanauma. Na glavu unagusa tu.

Tatizo langu: upande wa juu ni safi, nikigeuza chini kwenye kila kona ya mviringo kuna vitanzi, kama kope. Nimekaza bobini haikusaidia.

MamaViraka

Bobini iache, irudishe ilipokuwa. Kope zikitokea kwenye mviringo tu na mistari iliyonyooka iko sawa, kosa ni mkono. Sote tunafanya hivi: tukifika kwenye kona mkono unaongeza mwendo bila sisi kujua, huku mguu uko pale pale. Uzi wa juu unavutwa pembeni kabla mshono haujafunga, unabaki umelala chini. Dawa ni kupunguza mwendo wa mikono kwenye mviringo na kuuacha mguu uendelee. Kisha ukaze mkazo wa juu kidogo, nusu namba.

Kope zikiwa kila mahali, hata kwenye mstari, basi uzi wa juu umelegea au haujaingia kwenye visahani. Toa uzi wote, inua kikono cha kiguu, pitisha upya. Na ukiona kinyume chake, vidoti vya uzi wa chini vinachungulia juu, hapo umekaza mno, legeza.

Njia ya kujua upesi: weka uzi mwekundu juu na mweupe chini kwenye kipande cha majaribio. Hapo huhitaji kubahatisha.

Na safisha. Blanketi linatoa vumbi la pamba kuliko kitambaa chochote. Mimi kila nikibadilisha bobini mara 2 au 3 nafungua bamba la sindano, napiga brashi, naweka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye nyumba ya bobini kwa mashine inayotiwa mafuta. Baada ya hapo shona kwenye kitambaa cha taka kwanza, mafuta yasije kwenye viraka.

Mdau_Mpya

Samahani kama nauliza vibaya. Hii kazi ya viraka na pamba katikati si ni ya Wazungu wa nchi za baridi? Sisi huku joto tunaihitaji kwa lipi?

MamaViraka

Umeuliza vizuri kabisa, na nataka kujibu kwa kirefu kidogo maana jambo hili nalipenda.

Kule Karnataka, India, wako Wasidi, watu wa asili ya Kiafrika. Wahenga wao wengi walichukuliwa kutoka upande wetu huu wa Afrika, wakapelekwa Goa na Wareno na kwa majahazi ya Waarabu. Wanawake wao wanashona mifarishi ya viraka inayoitwa kawandi. Wanatumia nguo kuukuu za nyumbani, kwa mkono, wakianzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, viraka na mshono vikienda pamoja. Wakimaliza wanaweka vipande vidogo kwenye pembe, wanaviita phula, yaani maua, na bila hayo mfarishi unahesabiwa uchi. Huko si nchi ya baridi. Wanalalia, wanajifunika usiku wa mvua, wanawalaza watoto.

Marekani nako, Harriet Powers alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Mwaka 1886 alionesha mfarishi wake wenye picha za Biblia, na mwaka 1891, akiwa na shida, akauuza kwa dola 5. Leo uko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Mfarishi wake wa pili uko kwenye jumba la makumbusho la Boston. Mkono uliozishona picha zile ulikuwa mkono wa mwanamke wa asili ya Kiafrika.

Na merikani tunayoshonea majaribio, jina lake linatokana na kitambaa kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, karne ya 19. Kwa hiyo ukiweka kitenge juu na merikani chini, hujaazima kitu cha mtu.

Kuhusu joto, mimi naweka flaneli au shuka kuukuu katikati. Mtoto analala hapo mchana Dar es Salaam bila shida.

Umm_wa_Muscat

Assalam aleikum. Mimi niko Muscat, nyumbani tunaongea Kiswahili, bibi zetu ni wa Unguja. Hapa kuna kikundi cha kinamama wa kushona, nikawaonesha kipande changu, mmoja akaniambia kazi ya kweli ni ya mkono, ya mashine haina thamani. Niliumia.

MamaViraka

Waaleikum salaam dada yangu. Maneno hayo yalisemwa hata Marekani kwa miaka mingi. Mashindano makubwa ya mifarishi yako Paducah, Kentucky, na zawadi kuu ilikuwa inakwenda kwa kazi za mkono hadi mwaka 1989, Caryl Bryer Fallert alipoichukua kwa mfarishi alioushona kwa mashine. Watu walilalamika sana. Lakini waamuzi walikuwa wameutazama mfarishi wenyewe.

Kazi ya mkono naiheshimu. Kofia za kiua zinakula miezi, na hakuna mashine itakayonifanya nisiinamishe kichwa mbele ya aliyezishona. Ila mshono wako na wenyewe umetoka mkononi mwako. Meno umeyashusha, nani mwingine aliyekisogeza kitambaa?

Sindano_na_Chai

Mrejesho. Nimebandika kadi kama ulivyosema, nimejaza vipande 9 vya majaribio na vipande 3 vya kweli vya mabaki ya vitenge. Cha kwanza mpaka cha 5 nilitaka kulia. Cha 6 mlio wa mashine ulitulia, ndipo nikaelewa habari ya kinu. Sasa swali: vipande hivi vidogo vikishachorwa, vinaungwaje? Vina pamba ndani tayari.

MamaViraka

Hongera sana mwanangu, 9 si haba!

Kuunga ni hivi, shika rula ya inchi. Kwanza kata vipande vyote vilingane, inchi 10 kamili kila upande. Kata ukanda wa mbele upana inchi 1 na 1/8, na ukanda wa nyuma upana inchi 1 na 3/4, huu wa pili ukunje katikati kwa urefu na uupige pasi. Weka kipande A, ukanda wa mbele juu yake uso kwa uso, ukanda uliokunjwa chini yake, kingo mbichi zote zilingane. Shona robo inchi kutoka ukingoni, kwa mara moja unashika vyote. Hapa meno uyapandishe na kiguu cha kawaida kirudi! Kisha chukua ukingo mwingine wa ukanda wa mbele, uunge na kipande B uso kwa uso, robo inchi tena. Ukifungua, pamba za A na B zinakaribiana ndani ya ukanda bila kupandana. Geuza nyuma, lile kunjo la ukanda wa pili litalala juu ya kiungo, lishikize kwa mkono, mshono wa kujificha.

Vipande 12, yaani 3 kwa 4, vinakupa kama inchi 30 kwa 40. Ni mfarishi wa mtoto mchanga. Unga kwanza safu za vipande 3, kisha safu kwa safu kwa ukanda mrefu. Pembezoni zungusha utepe wa inchi 2 na robo uliokunjwa.

Sindano_na_Chai

Nimeelewa, nimeandika kwenye daftari. Vile vipande 9 vya majaribio nimeviweka pembeni kwa mpangilio. Nitaviunga vyote, cha kwanza kabisa kikae kona ya juu kushoto.

Hina_ya_Pwani

Usikifumue hicho cha kwanza dada. Weka picha ukimaliza.